Daftari Lije Mazishini: Barua ya Wazi kwa Msajili wa Vizazi na Vifo

Mheshimiwa Msajili,

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua niliyoileta dirishani ilipigwa muhuri wa kupokelewa, ikatiwa kwenye faili, na tangu siku hiyo sijasikia habari zake. Ofisi yenyewe sitaitaja, wala kaunti. Aliyewahi kusimama kwenye foleni ile ataitambua, na asiyeijua bila shaka ana ya kwao.

Shangazi yangu alifariki nyumbani kwake, kabla ya adhana ya alfajiri. Ilipofika saa nne sanda ilishakatwa, wanawake wameshamwosha, na vijana wako makaburini wanachonga mwanandani. Tulimsalia baada ya swala ya adhuhuri, tukamzika. Naibu wa chifu wetu alikuwapo. Alilipokea jeneza zamu yake ilipofika, akasimama ukingoni mwa kaburi, akatia mchanga mara tatu kama sisi sote. Miezi minane baadaye tulipomwendea kutaka barua ya kuthibitisha kifo, alitutazama kwa huruma ya kweli, kisha akauliza: mna ushahidi gani kwamba alikufa?

Simlaumu sana. Alitaka karatasi, na karatasi haikuwapo kwa sababu siku ile hakuna aliyeiandika, yeye mwenyewe akiwemo.

Utaratibu wenyewe unaujua kuliko mimi, lakini niruhusu niueleze jinsi unavyoonekana ukiwa upande wetu wa dirisha. Mtu akifia hospitali, hospitali ndiyo inayojaza fomu ya D1, daktari anaandika sababu ya kifo, na jamaa wanapewa kibali cha mazishi pamoja na maiti yao. Mtu akifia nyumbani, kazi hiyo ni ya naibu wa chifu, na fomu yake ni D2. Kibali hicho ndicho baadaye mnachokidai ili mtoe cheti. Kwenye maelezo ni jambo jepesi. Kasoro ni kwamba utaratibu wote umejengwa juu ya maiti anayesubiri: yuko mochari, jamaa wanachanga, tangazo la kifo linatoka, na siku zote hizo mtu anaweza kutumwa kwa chifu. Kwetu maiti hasubiri. Kumchelewesha ni kumdhulumu. Kati ya pumzi ya mwisho na kaburi huwa kuna saa nane au kumi, na saa hizo zimejaa: kutafuta sanda, kuwapigia simu walioko Mombasa na Malindi, kupata mbao za kufunikia mwanandani, kumtuliza binti anayelia. Niambie ni nani hapo wa kupanda bodaboda kwenda kutafuta kibali ambacho hata asipokuwa nacho kaburi litachimbwa tu.

Sasa utauliza kwa nini hatukuja baada ya wiki. Kwanza kuna matanga na hitima. Kisha kuna haya, na haya hii si ndogo. Kwa watu wetu, anayeulizia mali ya marehemu kabla ya arubaini hutazamwa vibaya hata na wasiokuwa na haki ya kurithi ukuti mmoja. Shangazi aliacha shamba la minazi lenye hati, na akiba kidogo kwenye chama cha akiba na mikopo. Wanawe walinyamaza kwa heshima. Walipoanza kulizungumza, miezi sita imepita, na Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, haimruhusu mtu kusajili kifo baada ya miezi sita ila kwa idhini ya maandishi ya Msajili Mkuu. Msajili Mkuu yuko Nairobi.

Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 9 Juni 1928, na haikuwa lazima nchi nzima hadi mwaka 1971. Miaka yote hiyo watu wa mwambao walifariki, wakazikwa, na mirathi yao ikagawanywa mbele ya kadhi kwa kauli ya mashahidi wawili waadilifu. Kadhi yupo bado. Katiba ya 2010 inamtambua katika kifungu cha 170 na kumwachia mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Ila siku hizi mashahidi peke yao hawamtoshi. Anataka cheti cha kifo kwanza, na ana haki, maana ofisi ya ardhi nayo itakitaka, na benki, na NSSF. Mashahidi wetu tunao zaidi ya mia mbili. Walisimama safu kumsalia.

Ada yenu haituumizi. Ilikuwa shilingi 50, mwaka 2024 mkaifanya 200, nasi tunalipa. Kinachotumaliza ni nauli. Binamu yangu amekuja ofisini kwako mara tano. Mara ya kwanza aliambiwa alete fotokopi ya kitambulisho cha marehemu. Mara ya pili aliambiwa hiyo si kitu, inatakiwa kadi yenyewe. Mara ya tatu mtandao ulikuwa umepotea. Mara ya nne aliyekuwa na muhuri alikuwa semina. Mara ya tano kila kitu kilikuwa sawa, mpaka karani alipoona kwamba jina kwenye barua ya chifu lina Mohamed na kwenye kitambulisho lina Mohammed. M moja, Mheshimiwa. Akarudishwa kwa wakili kuandikisha hati ya kiapo.

Juu ya majina nina neno. Mwanamke wa kwetu anaweza kuzaliwa akaitwa jina la bibi yake, akakua akiitwa Mama Fulani, na kitambulisho chake kikaandikwa na karani aliyesikia alivyosikia. Hakuna udanganyifu hapo. Makarani wako wanapozikuta tofauti hizi huzitazama kama wamemkamata mwizi. Wengi wao hawatoki huku, na hilo si kosa, lakini wangefundishwa asubuhi moja tu namna majina ya mwambao yanavyokwenda, nusu ya hati za kiapo zingekuwa hazina kazi.

Fomu nazo ni za Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, na Kiswahili ndicho kimetajwa kwanza. Binamu yangu alimlipa kijana wa saiba shilingi mia ajaziwe maswali ambayo angeyajibu mwenyewe bila kufikiri.

Ombi langu ni hili. Naibu wa chifu anapopata habari za msiba, na huzipata kabla ya wengi wetu, aje na daftari lake. Asikae ofisini akingoja watu waliofiwa wamtafute. Akae jamvini pamoja na wazee baada ya kuzika, aulize jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, umri, na alichougua marehemu, ajaze D2 yake pale pale, awaachie jamaa karatasi yao. Ni kazi ya dakika kumi. Na kwa waliokwisha kuzikwa bila karatasi, barua ya imamu aliyeongoza swala ya maiti ipokelewe dirishani kwako kuwa ushahidi wa kifo, na maombi ya idhini yatumwe Nairobi na ofisi yako, siyo na mjane.

Wavuvi waliopotea baharini siwatii humu. Hao wana mlango wao, ule wa Sheria ya Ushahidi unaotaka miaka saba ya kutosikika ndipo mtu ahesabiwe amekufa, na wake zao wana barua yao ya kuandika.

Juzi tumezika tena, mzee wa mtaa wa pili. Naibu wa chifu alikuja, akatia mchanga wake, akaondoka mikono mitupu. Mtoto wa marehemu nimemvuta pembeni nikamwambia asingoje arubaini, wanaotaka kumsema wamseme. Kesho asubuhi napanda naye gari la kwanza. Kitambulisho tunacho, kadi yenyewe, na nimelisoma jina herufi kwa herufi.

Wako,
Mpwa wa marehemu