MTO MSIMBAZI SIO DAMPO LAKO (Sehemu ya 3)

Jana niliandika kuhusu pampasi zilizonasa chini ya daraja pale Jangwani, kaka mmoja akanijibu: "Nesi, hizo ni za watu wa mabondeni, wahamishwe tu." Mkampigia makofi. Haya, leo tuongee.

Mto huu unaanzia huko vilima vya Pugu, unakatiza mji, ndio unaingia baharini karibu na daraja la Selander. Mtu wa Jangwani yuko mwisho wa safari, anapokea vya wote waliomtangulia. Wewe wa huku juu, mwenye geti, taka zako zinaenda wapi? Unampa kijana wa mkokoteni elfu mbili, anaondoka, unafunga geti. Hujawahi kumuuliza. Kwa elfu mbili unadhani anakusukumia mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi? Anamwaga korongoni usiku, au anasubiri mvua inyeshe. Na unajua, maana bei yenyewe inakwambia.

Mifuko ya rambo tuliipiga marufuku Juni 1, 2019, hongera kwetu. Pampasi ikabaki. Na ndani ya pampasi kuna kinyesi. Tuache ile ya "mavi ya mtoto hayana shida", kipindupindu hakiulizi umri.

Taka zinaziba kalavati, maji yanapanda, yanaingia kwenye vyoo vya shimo, halafu yanakuja sebuleni na vyote yalivyobeba. Siku chache baadaye zinakuja kwetu wodini. Mtu anaharisha maji kama ya kuoshea mchele, macho yameingia ndani, unatafuta mshipa huuoni. Kuna mtoto nilimchoma mara nne ndio dripu ikaingia. Mama yake hakulia, alikuwa ananiangalia mikono tu. Mtoto alipona. Ila ukiniambia "wahamishwe tu", mimi namuona yule mama.

Na manispaa nao wasijifiche nyuma yangu. Mtaani kwangu ada ya taka inadaiwa kila mwezi, gari lenyewe wiki tatu halijapita. Mnategemea nini? Lakini gari kuchelewa hakukupi ruhusa ya kutupa mtoni, ndugu yangu. Mimi yangu yamefungwa kwenye kiroba hapo uani, yananuka, nayavumilia.

Kesho naingia zamu ya usiku. Sehemu ya 4 ni ORS: pakiti moja, lita NZIMA ya maji safi na salama, sio glasi. Mnaokosea ni wengi mno.