Majina yanayorudi debeni: Urithi, na deni lake

MAJINA mawili yaliyoachana kwa uhasama mwaka wa 1966 yalikutana tena debeni mnamo 2013. Mara ya kwanza walikuwa Rais Jomo Kenyatta na makamu wake Jaramogi Oginga Odinga, aliyejiuzulu na kuongoza chama cha KPU. Mara ya pili walikuwa wana wao, Uhuru na Raila. Kwa mpigakura mkongwe, ugomvi ulikuwa ule ule, sura tu ndizo zilizobadilika.

Hata hivyo, anayedhani haya ni majina ya ukoo kwa desturi ya Kizungu hajayachunguza. Babake Jomo aliitwa Muigai. Jomo mwenyewe alizaliwa Kamau, akabatizwa Johnstone mnamo 1914, na Kenyatta ni jina alilojipa ukubwani. Lakini Muigai hakupotea, kwani desturi ya Agikuyu humpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, na kila mke huanza hesabu yake upya. Ndiposa Jomo akawa na akina Muigai wawili: Peter Muigai, mwana wa Wahu, aliyefariki 1979, na Uhuru Muigai, mwana wa Mama Ngina. Muhoho, nduguye Uhuru, alirithi jina la babu mzaa mama. Naye Uhuru akamwita kifungua mimba wake Jomo.

Kwa Waluo mambo ni tofauti. Oginga Odinga maana yake ni Oginga mwana wa Odinga. Raila alijulikana kwa jina la babu yake, ilhali kaka yake mkubwa, Oburu, akashika la baba. Raila alipofariki Oktoba 15, 2025, na Oburu Oginga akakabidhiwa uongozi wa ODM, usukani ulibaki katika boma lile lile, ingawa mgeni akiyasoma majina hayo asingejua kuwa ni ndugu wa toka nitoke.

Makueni hakukuhitajika ufafanuzi wowote. Seneta Mutula Kilonzo alifariki Aprili 2013. Miezi mitatu baadaye wakazi walimchagua Mutula Kilonzo mwingine, mwanawe, ambaye mnamo 2022 alipanda akawa gavana.

Je, jina hutosha? Historia inakataa. Jaramogi mwenyewe, pamoja na sifa zote za ukombozi, alimaliza wa nne mwaka wa 1992. Uhuru alibwagwa na Mwai Kibaki 2002 licha ya kupigiwa debe na Rais Moi, na Gideon Moi akapoteza useneta wa Baringo mnamo 2022. Jina humfungulia mtu mlango tu. Chakula cha ndani hupikwa na vyama, pesa na hesabu za maeneo.

Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba jina hurithiwa pamoja na madeni yake. Malalamiko ya ardhi yaliyoanza enzi za Jomo hayakuzikwa naye 1978. Mei 2013, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikamilisha ripoti iliyogusa dhuluma za ardhi za utawala wa Rais wa kwanza. Kisheria, ripoti hiyo ilipaswa kukabidhiwa Rais wa nchi. Aliyeipokea Ikulu alikuwa Kenyatta.