Kazi Yabisha Hodi Saa Nne Usiku

Leo naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana si haki kuwalaumu wakubwa wa kazi hali nami nimo katika kundi lao, japo kwa cheo kidogo.

Usiku mmoja wa Jumamosi, yapata saa nne, nilikumbuka kwamba Jumatatu tungehitaji gari la kwenda Kibaha alfajiri. Nilikuwa nimekwisha panda kitandani. Simu nilikuwa nayo mkononi, kama tulivyo wengi wetu siku hizi, nami pasipo kufikiri nikamwandikia dereva wetu ujumbe: afike saa kumi na moja na nusu, na gari liwe limetiwa mafuta. Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu chini: "Sawa, dada." Nikalala.

Jumatatu, tulipokuwa tumeipita Mbezi, mwenzetu mmoja akampa dereva pole ya msiba. Kumbe usiku ule nilipomtumia ujumbe alikuwa amekaa jamvini kwa wakwe zake. Mama mkwe wake alikuwa amefariki dunia jioni ile, na Jumapili ndipo walipomzika. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, bila ya kuondoa macho barabarani, "Ningesema nini, dada? Ujumbe nilikuwa nimekwisha ufungua, na wewe umeona kwamba nimeusoma."

Jibu hilo limenikaa moyoni hata nikaona yafaa tulizungumze katika ukurasa huu, maana ni jambo la nyumbani kama lilivyo la kazini.

Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam. King'ora kilipolia kumaliza zamu yake, alitoka langoni, akarudi nyumbani na kuitundika sare yake kwenye msumari nyuma ya mlango. Sare ikiwa msumarini, baba alikuwa wetu. Sisemi kwamba wasimamizi wa kiwanda kile walikuwa na huruma kuliko wa leo. La hasha. Lakini mashine ilipoharibika usiku na yeye akahitajika, ilibidi litafutwe gari, apatikane dereva na mtu aijuaye nyumba yetu, kisha wabishe hodi, waamkiane na wenyeji, na kueleza mbele ya mama ni jambo gani hilo lisiloweza kungoja kuche. Gharama hiyo, pamoja na haya, ilitosha kumfanya msimamizi afikiri kwanza. Tangu nilipopata akili hadi alipostaafu, nakumbuka alifuatwa mara mbili tu.

Simu za mkononi zilipoanza kutumika nchini mwaka 1994, ulinzi huo haukuondoka mara moja. Simu yenyewe ilikuwa mali ya wachache, na muda wa maongezi ulikuwa ghali mno hata watu wazima na heshima zao walikuwa wakibipu: unaiacha simu ya mwenzio ilie mara moja, unakata, ukitumaini kwamba yeye ndiye atakayepiga. Mkuu gani wa idara angembipu karani wake ili amwagize barua? Kwa hiyo siilaumu simu. Kilichogeuza mambo ni kushuka kwa gharama ya kumfikia mtu. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009, na leo, kwa kifurushi kidogo cha intaneti, mkuu wa kazi aweza kuwaagiza watu thelathini kwa pigo moja, naye amejilaza, bila ya kuhisi kwamba ametumia chochote. Mwaka 2014 zikaongezwa zile alama mbili za buluu zinazoonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Kati ya watu wawili alama hizo zaweza kuzimwa, lakini katika kundi haziwezi kuzimwa; na maagizo ya kazi siku hizi hutolewa katika kundi.

Sasa tutazame sheria inasemaje, maana wafanyakazi wengi niliozungumza nao hawakuwa na habari nayo. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 9 za kazi za kawaida kwa siku na saa 45 kwa juma. Saa za ziada zahitaji makubaliano, hazipaswi kuzidi 50 katika majuma manne, na malipo yake yasiwe chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Usiku, kwa mujibu wa sheria hiyo, huanza saa mbili usiku na kwisha saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa inayofanyiwa kazi humo ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Tena, baina ya kumaliza kazi na kuianza upya, mfanyakazi anastahili mapumziko yasiyopungua saa 12 mfululizo. Na kila juma apate saa 24. Wapo wasiohusika na baadhi ya masharti haya, kama vile mameneja wa juu, na kazi za dharura zimeachiwa nafasi yake. Lakini karani, mhasibu msaidizi, mtunza ghala na dereva wetu wamo.

Hebu tufanye hesabu. Mtunza ghala ametoka kazini saa kumi na moja jioni. Saa nne usiku anaulizwa katika kundi ni maboksi mangapi yaliyobaki. Anafungua daftari, anatafuta, anajumlisha, anapiga picha ukurasa na kuutuma saa nne na nusu. Asubuhi saa mbili yupo langoni. Toka alipomaliza kazi hadi alipoianza tena ni saa tisa na nusu. Je, kuna aliyeandika nusu saa ile katika daftari la saa za ziada? Kila mmoja wetu ajua jibu. Nionavyo mimi, kujibu "sawa" si kazi, na mtu mwenye kudai alipwe kwa neno hilo atachekwa. Bali kutafuta, kuhesabu, kuandika na kutuma ni kazi, hata kama aliyeifanya alikuwa amevaa msuli.

Wafanyakazi wa Chicago waliogoma tarehe 1 Mei 1886, na ambao kwa ajili yao tunaandamana kila Mei Mosi, walikuwa wakidai siku ya kazi ya saa nane. Walijua siku inaanzia wapi na kuishia wapi, kwa kuwa lango la kiwanda lilionekana kwa macho.

Lakini nisije nikaonekana nasema kwa upande mmoja tu. Yupo fundi bomba mtaani kwetu, Mwananyamala, ambaye zamani alikuwa akishinda kijiweni na mfuko wake wa vifaa akingoja mtu apite na shida. Siku nyingine alirudi nyumbani mikono mitupu, na huku mitaa mitatu mbele maji yanamwagika katika nyumba ya mtu asiyejua fundi yuko wapi. Sasa namba yake imeandikwa kwa rangi kwenye kuta na nguzo, anaitwa hadi Tegeta, na malipo huingia katika simu hiyo hiyo. Nilipomwambia habari za kuizima simu jioni alinishangaa. "Nikiizima nimefunga duka," alisema. Huyu hana mwajiri wala saa za ziada, na sheria niliyoitaja haimgusi. Kwake simu imeleta riziki, nami sina ujasiri wa kumhubiria mapumziko. Hata hivyo mke wake, aliyekuwa akipepeta mchele kando yetu, alisema kwamba mumewe hajala chakula cha jioni mpaka mwisho bila ya kunyanyuka tangu mfungo uliopita.

Na kwa mama mfanyakazi mzigo ni wa namna yake. Yeye akifika nyumbani huanza kazi ya pili, na sasa ile ya kwanza humfuata hadi jikoni. Mimi nimekwisha unguza maharage kwa ajili ya kundi la ofisini, tena si mara moja. Lililonishtua zaidi ni swali la binti yangu wa miaka sita. Alisimama kando yangu kwa muda, kisha akauliza, "Mama, hapo unafanya kazi au unachezea simu?" Mimi nilipokuwa mtoto sikuhitaji kuuliza. Baba akiwa kiwandani alikuwa kazini. Akiwa na redio barazani alikuwa amepumzika. Binti yangu ananiona na kitu kile kile nikisoma habari, nikinunua umeme, nikituma fedha kwa bibi yake, nikicheka na rafiki na nikijibu ofisi, na uso wangu, nadhani, ni ule ule.

Nchi nyingine zimekwisha lichukulia jambo hili hatua. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi hulazimika kujadiliana nao juu ya haki ya kutoshikamana na simu na barua za kazi baada ya saa za kazi. Australia ilifuata Agosti 2024: mfanyakazi aweza kukataa kusoma au kujibu nje ya saa zake, isipokuwa pale ambapo kukataa kwake hakuna sababu ya maana. Jirani zetu wa Kenya walipata muswada wa namna hiyo mwaka 2022, na waajiri wakaupinga. Hapa kwetu sioni sababu ya kungoja sheria mpya hali ile ya 2004 bado haijatumika ipasavyo. Tawi la chama cha wafanyakazi laweza kuanza kwa kuuliza jambo dogo: ujumbe wa kundi unaohitaji jibu mwisho wake saa ngapi, na ni nani mwenye kuamua kwamba jambo ni dharura? Liandikwe, libandikwe ubaoni.

Kwa upande wangu nimenunua daftari la shilingi mia tano, lipo chini ya mto. Linalonijia usiku naliandika humo, na asubuhi ofisi ikifunguliwa ndipo nalituma. Mara mbili nimekwisha shindwa. Dereva wetu nilimwomba radhi, nikamwambia kwamba tangu sasa asihangaike kunijibu nikimtumia ujumbe usiku. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, rahisi zaidi ni wewe usitume."