NYUMBA NA BUSTANI: Mmea Adimu Haufichwi

Tangi la kioo lenye mimea ya majini ni pambo liburudishalo macho. Katika nchi nyingi wako watu wafugao humo kamba wadogo wa maji yasiyo na chumvi, wenye urefu wa sentimita 2 au 3 tu. Kwa kuwa kamba hao hula ukoga uotao juu ya majani pasipo kuiharibu mimea yenyewe, tangi lao hugeuka kuwa bustani. Baada ya muda mwenye bustani huanza kutamani mmea ambao jirani hana. Hapo pana jambo la kutafakari: mmea adimu hutunzwaje hata usipotee?

Jibu limo katika habari za yungiyungi dogo kuliko yote duniani, ambalo jani lake laweza kuwa na upana wa sentimita 1 tu. Liligunduliwa mwaka 1987 na mtaalamu wa Kijerumani, Eberhard Fischer, huko Mashyuza, kusini-magharibi mwa Rwanda. Liliota topeni kando ya chemchemi ya maji moto, mahali ambapo maji yalikwisha kupoa hadi nyuzi 25 hivi. Kufikia mwaka 2008 chemchemi ilikuwa imetumiwa kupita kiasi. Maji hayakufika tena juu ya ardhi, tope likakauka, na yungiyungi likatoweka mahali pale.

Hata hivyo, Fischer alikuwa amekwisha kupeleka mimea michache katika bustani ya Bonn, Ujerumani, na baadaye mbegu zikafika bustani ya Kew, London. Huko zilichipua, lakini miche ikafa ingali midogo. Mwaka 2009 Carlos Magdalena, mtunza bustani mzaliwa wa Hispania, aling'amua sababu: mayungiyungi mengine huanza maisha yao chini ya maji, bali hili huhitaji kugusana na hewa ili lipate kaboni dayoksaidi ya kutosha. Aliiweka miche katika vyungu ambavyo udongo wake ulilingana na uso wa maji, nayo ikastawi. Januari 2014 mwizi aling'oa mmea mmoja hapo Kew, lakini mingine ilibaki mingi. Mwaka 2023 watafiti waliukuta tena mmea huo Rwanda.

Yungiyungi hilo, basi, halifai kuzamishwa katika tangi la kamba. Anayeanza na achague anubiasi, mmea wa Afrika ya Magharibi na ya Kati ustahimilio kivuli. Shina lake nene litambaalo lisifukiwe, maana litaoza. Lifungwe kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha mti. Hukua polepole mno, kwa hiyo subira ndiyo mbolea yake. Shina likirefuka likatwe kwa kisu kikali, kila kipande kikibaki na majani 3 au 4, na kila kipande kitakuwa mmea kamili.

Tangi jipya lipewe majuma 4 hadi 6 kabla ya kamba kutiwa. Mmea ulionunuliwa usuuzwe, kisha ukae siku kadhaa katika ndoo ambayo maji yake hubadilishwa, kwani mabaki ya dawa ya wadudu huua kamba. Dawa yoyote yenye shaba isikaribie tangi.

Familia za askari zajua kuliko wengine kwamba amri ya uhamisho haingoji. Tangi lililojaa maji halipandi lori, na safari ndefu huweza kumaliza kazi ya miaka mitatu. Lakini aliyekwisha kuwagawia vipande majirani wawili au watatu hapotezi kitu. Jambo moja tu akumbuke: kilichozidi kisitupwe mtoni wala ziwani. Gugumaji, lililozagaa katika Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, asili yake ni Amerika ya Kusini, nalo lilienezwa duniani na watu waliopenda uzuri wa maua yake.

Kilichozidi apewe jirani. Siku kioo kitakapopasuka, mwenye tangi atabisha hodi kwake, naye atarudishiwa kipande.