Mgonjwa wa akili asiozee mahabusu

Chukua mfano wa kijana wa Makorora aliyeacha dawa zake miezi mitatu iliyopita. Halali usiku, anasikia sauti zinazomtukana, na asubuhi moja anavunja kioo cha duka na kuondoka na mikate miwili. Akiwa na bahati, mgambo wanamfikia kabla ya wananchi wenye hasira kali. Anapelekwa kituoni, kisha mahakamani, anasomewa shtaka asilolielewa. Dhamana iko wazi, lakini nyumbani wamechoka naye na hakuna anayejitokeza kumdhamini. Anarudishwa mahabusu bila dawa, na huko ugonjwa unazidi.

Mfano huu nimeutunga, lakini daktari yeyote aliyefanya kazi katika hospitali za pwani yetu anawajua wanaofanana na kijana huyu. Tunawaona kliniki kabla ya kukamatwa, wakiwa na kadi zao mkononi. Tunawaona tena baadaye, wakiletwa na askari huku wamefungwa pingu. Katikati ya safari hizo mbili hakuna aliyemuuliza hakimu kama mshtakiwa ni mgonjwa, wala aliyetuuliza sisi kama mgonjwa wetu ana kesi.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu anayetilia shaka akili ya mshtakiwa kusimamisha kesi na kuagiza apelekwe hospitali ya akili kuchunguzwa. Daktari anatakiwa kuleta taarifa yake ndani ya siku 42. Kwa kesi za mauaji na makosa mengine mazito, utaratibu huo unafaa, na ndiyo sababu tuna Isanga kule Dodoma, jirani na Hospitali ya Mirembe. Lakini kutoka Tanga hadi Dodoma ni safari ya siku nzima. Inahitaji gari, mafuta, askari wa kusindikiza na kitanda kilicho wazi. Kwa mtu wa mikate miwili, gharama hiyo ni kubwa kuliko kosa lenyewe, na kusubiri zamu ya safari kunaweza kumgharimu muda mrefu kuliko kifungo ambacho angepewa.

Wenzetu waliokumbwa na tatizo hili walitafuta njia nyingine. Mwaka 1997, katika kaunti ya Broward, jimbo la Florida, Marekani, ilianzishwa mahakama ya afya ya akili chini ya Jaji Ginger Lerner-Wren. Haikuanza kwa jengo jipya. Ilianza baada ya watu wa mahakama, mawakili wa utetezi, wahudumu wa afya na familia za wagonjwa kukaa pamoja na kukubaliana kwamba watu wale wale walikuwa wakizunguka kati ya mtaa, jela na hospitali bila kupona. Leo mahakama za aina hiyo ziko kwa mamia nchini humo.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Mtu aliyefanya kosa dogo kwa sababu ya ugonjwa anatibiwa kwanza hadi aelewe anachoshtakiwa. Kisha anaulizwa kama anakubali mpango wa matibabu: dawa, kliniki, mahali pa kulala na mtu wa kumfuatilia. Akikubali, anarudi mbele ya hakimu yule yule kila baada ya wiki kadhaa kueleza anaendeleaje. Akimaliza vizuri, kesi inafungwa. Akikataa, haki yake ya kesi ya kawaida iko palepale.

Je, hili linawezekana Tanga? Nasema linawezekana, na mfano tunao nyumbani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipoanzisha mahakama ya watoto, haikusubiri kila wilaya ijengewe jumba lake. Ilimpa Jaji Mkuu mamlaka ya kuteua majengo ya mahakama za mwanzo yatumike kwa kazi hiyo. Ikaagiza pia afisa ustawi wa jamii awepo, na kesi isikilizwe faragha. Tulikubali kwamba mtoto hawezi kushughulikiwa kama mtu mzima. Mtu anayesikia sauti zisizosikiwa na mwingine naye anahitaji utaratibu unaomfaa.

Watu wa kazi hii wapo tayari. Afisa ustawi yupo, afisa probesheni yupo, na wauguzi wa afya ya akili wapo. Katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ipo kliniki ya methadone kwa waraibu wa heroini, ambao wengi wao pia hujikuta kizimbani kwa wizi mdogomdogo. Kinachokosekana ni siku moja ya kuwakutanisha. Vikao vya kusukuma kesi tayari vinakusanya mahakama, polisi, magereza na waendesha mashtaka. Pendekezo langu ni kwamba daktari au muuguzi wa afya ya akili apewe kiti katika vikao hivyo, na kila wiki hakimu mmoja atenge siku ya kusikiliza kesi ndogo za washtakiwa wagonjwa.

Mtaa nao una sehemu yake. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe wa nyumba kumi wanajua nani ameacha dawa kabla polisi hawajajua. Wakipiga simu zahanati mapema, kesi nyingi hazitazaliwa. Familia nazo ziwache kuwafungia wagonjwa vyumba vya uani au kuwafunga minyororo kwa mganga kwa kuogopa aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mkoa wetu una historia ya kutusaidia kuamini hili. Lutindi, juu ya milima ya Usambara wilayani Korogwe, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliookolewa utumwani, na baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko, kulima na kazi za mikono ni sehemu ya matibabu. Kwa zaidi ya miaka 100, watu wa Usambara wameishi na wagonjwa hawa kama majirani.

Yapo maswali ya haki. Mwenye duka atafidiwaje kioo chake? Naye asikilizwe, na fidia iwe sehemu ya makubaliano. Mahakama inayomsahau aliyeumizwa haitaungwa mkono na mtaa. Je, watu hawatajifanya wendawazimu? Ndiyo maana anayeamua ugonjwa ni mtaalamu aliyemchunguza, tena zaidi ya mara moja. Swali gumu zaidi ni la dawa. Hakimu akiamuru mtu achomwe sindano kila mwezi, halafu dirisha la dawa likamjibu haipo, amri hiyo ni karatasi tupu. Halmashauri zitenge fedha za dawa hizi kwanza. Na tuwe waangalifu mtu asije akalazimika kukamatwa ndipo apate huduma ambayo jirani yake mtulivu ameikosa.

Lipo jambo moja ambalo siku hiyo ya mahakama ingeanza nalo. Kanuni ya Adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mama aliyekunywa sumu kwa sababu ya sonona anaweza kuamka wodini na kumkuta askari kando ya kitanda. Matokeo yake tunayaona sisi: ndugu wanachelewa kumleta, au wanasema amekunywa kwa bahati mbaya, na tunapoteza saa ambazo zingemwokoa. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho katika sheria yao ni kinyume cha Katiba. Bunge letu linaweza kukifuta cha kwetu. Hadi hapo, mwendesha mashtaka na hakimu wanaweza kuhakikisha kwamba mtu huyo anaishia kliniki, wala si rumande.

Hakuna ninachoomba hapa kinachohitaji jengo. Hakimu Mkazi Mfawidhi, Mganga Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Magereza wanaweza kukutana kwenye meza moja mwezi huu. Waanze kwa orodha fupi: ni mahabusu wangapi mkoani wana kadi ya kliniki ya akili, kila mmoja anashtakiwa kwa kosa gani, na mara ya mwisho alimeza dawa lini. Wenye makosa madogo katika orodha hiyo wawe wa kwanza kuitwa mbele ya hakimu.