Tairi la Pikapu Nalo ni Amana



Mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia juzi baada ya sala ya Alasiri. Tulidhani amekuja na swali la mirathi au la mwana mkaidi, kumbe alikuwa na swali la matairi. Wanawake kumi na wawili walichanga kidogo kidogo kwa miaka mitatu wakanunua pikapu, nayo huenda Makueni kuchukua maembe na machungwa, na Kitui kuchukua pojo na asali. Sasa matairi mawili ya nyuma yamekwisha, na ya mbele yamebaki na uhai wa wastani. Mwanawe, ambaye ndiye dereva, anataka yale mapana yenye meno makubwa ya matope. Muuzaji naye amemwonyesha manne yaliyokwisha tumika, meusi ya kung'aa, kwa bei ya mapya mawili. "Sheikh," akatuuliza, "tuchukue yapi?"

Hatukumcheka, kwa kuwa somo hili sisi tulilipata kwa gharama. Mwaka mmoja tulikwenda Kitui na ndugu zetu kununua mbuzi wa Idi. Tukirudi, baina ya Mutomo na Ikutha, adhuhuri ya jua kali, tairi la nyuma likapasuka kwa kishindo na gari likayumba hadi kando ya njia. Mbuzi wawili walivunjika miguu. Sisi, alhamdulillahi, tulisalimika. La ajabu ni kwamba tairi lile lilikuwa na kashata nzuri, na kila aliyelitazama kabla ya safari alilisifu. Fundi wa pancha aliyetusaidia alifuta vumbi ubavuni akatuonyesha tarakimu nne ndogo. Tairi lilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Lilizeeka likiwa limevaa sura ya ujana.

Basi jibu letu kwa mama yule, na kwa kila nyumba yenye pikapu, tunaligawa katika mambo manne.

Kwanza ni njia. Atokaye Mombasa kwenda Wote hupita Voi, Mtito Andei, Kibwezi na Makindu hadi Emali, zaidi ya kilomita 300, zote za lami. Murram, mchanga na miiba ya migunga humngoja mwishoni, anapoingia mashambani. Tairi la meno makubwa hufaa kwa ashindaye matopeni. Juu ya lami hulika upesi, huvuma, hula mafuta, na mvua ikinyesha huchelewa kusimama. Tairi laini la lami tupu nalo ubavu wake ni mwepesi, na mwiba au jiwe kali la njia za Kitui haliuonei huruma. Kwa safari kama hizi, la wastani ndilo bora: lile lililotengenezwa kwa lami na vumbi pamoja, lenye ubavu mnene na kashata za kina cha kadiri.

Pili ni mzigo, na hapa ndipo wengi hukosea. Ubavuni, baada ya vipimo vya upana na rimu, huwa pana namba ya uzito. Tairi lenye namba 91, la magari madogo, hubeba kilo 615. Lenye 106, ambalo huwa na herufi C baada ya kipimo cha rimu, hubeba kilo 950. Sasa tupige hesabu. Mawili ya 91 nyuma hubeba kilo 1,230. Gari lenyewe, hata likiwa tupu, limekwisha yaegemea kwa kilo mia kadhaa. Ukiongeza tani moja ya maembe umevuka mpaka. Tairi la gari dogo laweza kuingia katika rimu ya pikapu likapendeza, lakini kuingia si kustahimili.

Tatu ni umri. Tafuta herufi DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililopita miaka sita lichunguzwe na fundi kila mara. Lililofika kumi liondolewe, hata likiwa na kashata kama jipya. Katika mifereji ya kashata pana vinundu vidogo. Kashata zikishuka hadi kulingana navyo, zimebaki milimita 1.6, na tairi limekwisha. Wala usingojee hadi hapo kama mvua zinakaribia.

Nne ni upepo. Tairi lenye upepo haba hujikunja kwa kila mzunguko, hupata joto kutoka ndani, na joto la nyanda za Kibwezi likiongezeka juu yake, hupasuka. Kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, matairi yakiwa baridi, na usilisahau la akiba. Anayepunguza upepo ili avuke mchanga aurudishe kabla ya kushika lami.

Ama yale manne ya kung'aa, tulimkumbusha kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta umajimaji umefichwa chini, akamkaripia mwenyewe. Rangi nyeusi juu ya ufa ni ghishi ileile. Ipanguse kwa kitambaa chenye maji, lipinde tairi kidogo utazame ubavu, upapase ndani utafute kiraka. Muuzaji akikukataza, umekwisha pata jibu.

Na liko jambo ambalo tairi halilitibu. Msimu wa maembe hukutana na mvua za Oktoba hadi Disemba, na mito ya mchanga ya Ukambani, inayovukwa kwa miguu mikavu miezi mingi, hujaa kwa saa moja. Tarehe 4 Disemba 2021, huko Mwingi, basi lililokuwa likiwapeleka watu arusini lilichukuliwa na mto Enziu, wakafa zaidi ya 30. Basi ni zito kuliko pikapu yoyote. Maji yakipita juu ya njia, dereva asimame, hata kama maembe yataoza.

Tulimshauri mama yule anunue mapya mawili ya nyuma, ya aina moja, yenye namba ya uzito ifaayo. Ya mbele yasubiri faida ya msimu, na mzigo upunguzwe hadi hapo. Mwanawe alinung'unika kidogo juu ya meno makubwa. Tukamwambia: mwanangu, nyuma yako hamna maembe tu, mna akiba ya wanawake kumi na wawili, na mbele yako yumo mama anayekungoja ufuturu nyumbani. Akainamisha kichwa, akaenda kutafuta kitambaa na maji.

Tukutane wiki ijayo, inshallah. Wabillahi tawfiq.