MAZUNGUMZO YA JAMAA: Mihogo Itangulie, Mabati Yafuate



Ndugu mmoja wa Lubumbashi, baba wa watoto wanne, ametuandikia barua ndefu. Asema mji umemchosha: kodi ya nyumba yapanda, unga wanunuliwa kila jioni kwa kipimo kidogo, na mkewe ameona afadhali wahamie mashambani, upande wa barabara ya Kasenga, wapate makao yao wenyewe. Wameweka akiba, nayo si nyingi. «Mwalimu,» auliza, «fedha hizi zatosha mabati mangapi?»

Tumeisoma barua hiyo mara mbili, na swali hilo limetutia hofu. Maana si yeye wa kwanza kuliuliza. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa kupokea malipo yao mara moja, na baadhi yao walishika jembe. Wako waliofaulu vizuri, na twawaheshimu. Lakini tulimwona pia mtu mmoja, wala hatutataja jina lake, aliyefika kijijini mwezi wa Juni na fedha zake zote mfukoni. Akafyatua matofali, akayachoma, akanunua saruji, akaezeka mabati mapya yaliyong'aa hata mtu wa ng'ambo ya bonde aliyaona. Watu walimsifu. Mvua ilipoanza akalima kama wenzake; lakini mahindi yaliyopandwa mwisho wa Novemba hayaivi Januari kwa kuwa mwenye shamba ana njaa. Krismasi ilipopita hakuwa na unga wala franka. Watoto waliishi kwa maembe, kisha maembe nayo yakaisha. Basi alipanda juu ya paa lake mwenyewe, akang'oa bati moja akaliuza, juma lililofuata jingine, kwa bei ya aibu. Mwezi wa Machi chumba cha watoto kilikuwa wazi juu, na mvua inanyesha.

Mtu yule hakuwa mvivu wala mlevi. Alianza kwa mwisho, basi. Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 14, Bwana wetu asimulia habari za mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Sisi na tuketi pamoja na ndugu yetu, tuhesabu.

Jamaa ya watu 6 ikila kilo 2 na nusu za unga kwa siku, kwa miezi 6 tangu Novemba hata Aprili itakula kilo 450 hivi. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza, nayo ni kubwa kuliko ya mabati. Kilo hizo zitatoka wapi, na shamba ni jipya? Kuzinunua zote kutakula akiba. Lakini liko zao moja ambalo huweza kumngoja mtu ardhini badala ya mtu kulingoja, nalo ni muhogo. Ukipandwa mvua za Novemba huu, mwezi wa Novemba ujao unaanza kuchimbwa, tena usipouchimba hauozi upesi. Kwa hiyo shauri letu ni hili: mihogo ihamie mwaka mmoja kabla ya jamaa.

Ndugu yetu asitafute shamba wakati wa mvua, kila mahali panapopendeza macho. Aende mwezi wa Oktoba, nchi ikiwa kavu kabisa, aone ni wapi maji yamebaki. Hapa tutaungama kosa letu wenyewe. Tulichimba kisima mwezi wa Februari, tukapata maji kwa mita tatu, tukamshukuru Mungu na kuwapa wachimbaji kuku wawili. Mwezi wa Agosti kisima kile kilikuwa shimo la vyura waliokufa. Kisima kichimbwe Septemba au Oktoba, maji yakiwa chini kabisa. Yatakayopatikana hapo hayatakimbia. Mdomo wake uinuliwe kwa mawe ili maji machafu yasirudi ndani, na choo kiwe mbali, mita 30 au zaidi, upande wa chini wa mteremko.

Juu ya udongo, watu wengi hudanganyika. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi yote ni mali ya Serikali. Lakini mashambani hakuna alimaye kwa amani bila kukubaliwa na chifu na wazee wenye nchi. Ni lazima kuwaheshimu wote. Tusimpe mtu mmoja fedha kwa siri usiku, hata akijiita mwana wa chifu. Twende mchana, pamoja na wazee na majirani wa mipaka, tutembee mipaka kwa miguu, tupande miti au mikonge penye pembe, na maneno yaandikwe na kutiwa sahihi. Mke awepo pia, na jina lake liandikwe. Mume akifariki, karatasi isiyo na jina la mama huwaleta wajomba na baba wadogo haraka kuliko msiba wenyewe ulivyowaleta. Mwenye kutaka cheti kamili cha Serikali, na afuate njia ya ofisi ya ardhi polepole, fedha zikiruhusu.

Udongo ukipatikana, mvua za kwanza za Novemba zimkute ndugu yetu huko na vipande vya miti ya mihogo, kila kimoja sentimita 20 hata 30, vilivyokatwa kwenye mashina yenye majani mazuri. Majani yaliyojikunja yenye mabaka ya manjano yana ugonjwa. Ukipanda kipande chake umepanda ugonjwa. Kwenye kituo cha INERA, Kipopo, karibu na Lubumbashi, aulize habari za mbegu bora. Apande mita moja kwa moja. Robo ya hekta, yaani mita 50 kwa 50, yachukua mashina 2,500. Kazi hiyo mtu na mwenzake waiweza bila kuacha kazi ya mjini kwa siku nyingi. Kisha arudi kupalilia mara mbili au tatu, na kupatana na jirani wa huko amwangalizie nguruwe wa pori na mbuzi, kwa kumwachia mistari kadhaa iwe yake.

Tuseme neno kwa akina mama, ingawa wao wanalijua kuliko sisi: muhogo mchungu uloweshwe siku tatu au nne hata ulainike kabisa, ndipo uanikwe. Njaa huwafanya watu wafupishe siku hizo. Huko Kwango, mwaka 1938, daktari Trolli alieleza ugonjwa uitwao konzo, unaolemaza miguu ghafula. Nao hufuata mihogo michungu isiyotengenezwa vema. Tena muhogo peke yake haujengi mwili wa mtoto. Ndiyo sababu maharagwe na karanga vipandwe pia.

Sasa makao. Mwezi wa Mei majani marefu yakishakauka, baba atangulie, akate miti na majani, ajenge kibanda cha fito na udongo chenye paa pana la majani. Ni nyumba ya kungojea, wala si haya. Akiwa na nguvu zaidi, afyatue matofali mabichi ya udongo wa kichuguu, awahi kabla ya mvua. Vichuguu vyetu vya Katanga ni hazina: vingine vyapita mita 5 kwenda juu, na wataalamu waliovipima karibu na Lubumbashi walitangaza mwaka 2015 kwamba kimojawapo kilizidi miaka 2,000. Udongo wake hushikamana vizuri, na ukitawanywa shambani huurutubisha udongo wetu mwekundu uliochoka. Ukuta wa matofali mabichi ukisimama juu ya msingi wa mawe, na paa likitoka nje ya kutosha, hauhitaji tanuru lenye kula msitu.

Na huo msitu je? Mtu mwenye fedha kidogo hujaribiwa kuukata wote na kuuza makala. Tunamwelewa, nasi tumewahi kuhesabu magunia kwa macho. Lakini uyoga wetu mwingi hukua pamoja na mizizi ya miti hiyo ya miombo, nao hutoka mvua zikiwa kubwa, ndiyo miezi ile ile ghala zikiwa tupu. Alime nusu hekta mwaka wa kwanza, aiache miti mingine isimame.

Jamaa ikifika, lengalenga ipandwe karibu na kisima. Kwa majuma matatu au manne ni mboga. Sombe itakuwa imekwisha kuwangoja. Mahindi yapandwe mvua zikishika, yasikawishwe, na watoto wakague majani ya kati kila juma, maana tangu mwaka 2016 kiwavi jeshi amefika Kongo. Kuku wanne watosha kwa kuanza, nao wapewe chanjo ya Newcastle kabla hawajazidi. Ugonjwa huo huondoa banda zima kwa juma moja. Mbuzi wangoje.

Hivyo fedha za ndugu yetu ziende kwanza kwa ardhi na kisima, kwa majembe, panga na shoka, kwa mbegu, chumvi, vyandarua na nauli. Theluthi moja isiguswe kabisa, iwe ya dawa na ya unga utakaopungua. Mama aishike yeye. Mabati yatanunuliwa na mahindi ya mwaka wa tatu au wa nne, machache machache.

Mwisho wa barua yake ameuliza kama amwondoe binti yake mkubwa shuleni mwaka mmoja, asaidie kulima. Jibu letu ni hapana. Jamaa isihame Novemba, katikati ya masomo. Ihame mwezi wa Agosti, wakati wa likizo kubwa, kibanda kikiwa tayari, ili watoto wote wanne waanze darasa Septemba kwenye shule iliyo karibu. Lakini baba, atakapokwenda Oktoba hii kutazama maji, atembee kwa miguu tangu shamba hilo mpaka shuleni, ahesabu dakika, na aone kama njiani kuna mto unaojaa Januari.